Tiara na Uzi Wake: Mandhari ya Uchina katika Rangi za Mafuta

Methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa aghalabu hutolewa kama hukumu, wala si kama hoja inayohitaji kuchunguzwa. Msanii anapochukua ala iliyobuniwa na wageni, methali hii humwandama. Hudai kwamba ala na mila ni kitu kimoja, na kwamba aiachaye ya kwanza amekwisha kuisaliti ya pili. Makala haya yanadhamiria kuipima hukumu hiyo kwa mfano ulio mbali na mwambao wa Afrika Mashariki, lakini ambao maswali yake si mageni hata kidogo kwa mhakiki wa fasihi: uchoraji wa mandhari ya Uchina kwa rangi za mafuta, na hususan maisha na kazi za Wu Guanzhong (1919–2010). Huyu alishutumiwa mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba anajali fani kuliko maudhui. Mara ya pili, akiwa mzee mwenye sifa duniani, aliambiwa kwamba amekana msingi wa sanaa ya taifa lake. Baina ya shutuma hizo mbili aliishi mtu aliyeamini kwamba hakuwahi kuondoka nyumbani.

Mlima na maji

Kichina kina maneno mawili yanayoweza kutafsiriwa kwa neno 'mandhari'. La kale ni shanshui, yaani 'mlima-maji', nalo hutumiwa kwa picha zilizochorwa kwa brashi na wino juu ya karatasi au hariri. La pili ni fengjing, ambalo ndilo lililozoeleka kwa picha za mandhari zilizofuata mtindo wa Ulaya. Tofauti hii si ya msamiati tu. Mchoraji wa shanshui hakuketi mahali pamoja akanakili kilichokuwa mbele ya macho yake. Guo Xi, mchoraji wa enzi ya Song ambaye picha yake ya mwanzo wa majira ya kuchipua, iliyochorwa mwaka 1072, ingali inahifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri la Kitaifa mjini Taipei, alifundisha kwamba mlima una umbali wa aina tatu: umbali wa anayetazama kilele akiwa chini, umbali wa anayechungulia kutoka mbele ya mlima hadi nyuma yake, na umbali wa anayetazama kutoka mlima wa karibu hadi mlima wa mbali. Aina zote tatu zaweza kukutana katika picha moja. Mtazamaji hapewi dirisha la kusimama. Hupewa njia ya kupita. Huingia, hupanda, hupumzika kando ya maporomoko, kisha huendelea na safari yake.

Ala zenyewe zilikuwa na sehemu yake katika mtazamo huu. Wino ukishagusa karatasi haufutiki. Mkono ukisita, karatasi huuhifadhi msito huo milele. Na ndiyo maana wahakiki wa Kichina, kwa karne nyingi, walimsoma mchoraji kama wasomavyo mwandiko wake. Zaidi ya hayo, mahali ambapo mchoraji hakugusa hapakuwa pengo. Weupe wa karatasi ulikuwa ukungu, ulikuwa maji, ulikuwa mbingu. Rangi ya mafuta ina tabia iliyo kinyume. Hukauka polepole, hufunika kilichotangulia, humruhusu mchoraji kujikosoa na kurudi nyuma. Lakini haina weupe wa bure. Katika turubai, ukungu wenyewe sharti upakwe. Kimya nacho sharti kipakwe. Kwa hiyo mchoraji wa Kichina aliyeshika kisu cha rangi za mafuta alikabiliwa na swali ambalo wenzake wa Ulaya hawakuwahi kuulizwa: je, kisichosemwa katika lugha ya kwanza kitasemwaje katika lugha ambayo haina budi kusema kila kitu?

Ala hiyo ilifika mapema. Giuseppe Castiglione, Mjesuiti kutoka Italia, aliwasili Uchina mwaka 1715 na kuwatumikia wafalme watatu hadi alipofariki mwaka 1766. Hata hivyo, kwa muda mrefu rangi za mafuta zilibaki kuwa ajabu ya ikulu na bidhaa ya bandari ya Guangzhou, ambako mafundi walizitumia kuwachorea wafanyabiashara wa Ulaya. Hazikuwa lugha ya Wachina kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Zilifanywa kuwa lugha hiyo na kizazi kilichokwenda Ufaransa na Japani mwanzoni mwa karne ya ishirini, kizazi kilichokuwa ndugu wa wale waandishi walioacha Kichina cha kale cha maandishi na kuanza kuandika kwa lugha ya mazungumzo. Lu Xun alichapisha hadithi yake ya kwanza kwa lugha hiyo mwaka 1918. Miaka kumi baadaye, mwaka 1928, mchoraji Lin Fengmian, ambaye alikuwa amerejea kutoka Ufaransa, aliwekwa kuongoza chuo kipya cha sanaa mjini Hangzhou, akaazimia kwamba uchoraji wa Kichina na ule wa Ulaya visomwe pamoja badala ya kutenganishwa kama maji na mafuta.

Hapakuwa na maafikiano kuhusu jambo hilo. Mwaka 1929, wakati wa maonyesho ya kwanza ya sanaa ya kitaifa mjini Shanghai, mchoraji Xu Beihong alizishambulia kazi za Cézanne na Matisse, akishikilia kwamba kilichohitajika Uchina ni uhalisia wenye nidhamu. Aliyemjibu kwa kuwatetea wasanii hao hakuwa mchoraji bali mshairi, Xu Zhimo. Inafaa jambo hili likumbukwe na wanafasihi. Tangu mwanzo, suala la namna ya kupaka rangi lilikuwa pia suala la namna ya kuandika. Walioligombania walijua kwamba hawagombanii mafuta.

Mwanafunzi wa Hangzhou

Wu Guanzhong alizaliwa mwaka 1919 huko Yixing, katika mkoa wa Jiangsu, nchi ya mifereji, madaraja ya mawe na nyumba zenye kuta nyeupe na mapaa meusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kijijini ambaye kipato chake hakikumruhusu kuwa na mwana msanii. Ndiyo sababu kijana alipelekwa kusomea ufundi wa umeme. Katika mafunzo ya kijeshi ya wanafunzi, mwaka 1935, alikutana na kijana wa chuo cha sanaa aliyeitwa Chu Teh-Chun, naye akamchukua kwenda kukiona chuo hicho. Mwaka uliofuata Wu aliuacha ufundi na kujiunga na Hangzhou, kinyume cha matakwa ya baba yake. Japani ilipoivamia Uchina mwaka 1937, chuo kilihama kuelekea bara, na wanafunzi wakajifunza kuchora njiani. Wu alihitimu mwaka 1942. Mwaka 1946 alifaulu mtihani wa ufadhili wa serikali, na mwaka 1947 akafika Paris.

Hapa pana njia panda ambayo historia ya sanaa ya Uchina hairuki bila kuitazama. Vijana watatu wa Hangzhou walichagua njia mbili. Zao Wou-Ki alifika Paris mwaka 1948, na Chu Teh-Chun mwaka 1955. Wote wawili walibaki huko. Mandhari zao zilipoteza mlima, mto na mti, zikabaki mwanga na mwendo. Wakawa wachoraji wakuu wa sanaa dhahania barani Ulaya. Wu alirejea nyumbani mwaka 1950. Hakurejea kwa sababu alishindwa. Alirejea kwa kuwa aliamini kwamba mbegu huota katika udongo wake, na kwamba mchoraji asiye na watu wake hana wa kumwambia neno.

Watu wake hawakumpokea kama alivyotazamia. Katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Beijing, wakati huo, mwongozo ulikuwa uhalisia wa kijamaa. Baadaye, kuanzia mwaka 1955, ungethibitishwa na darasa la mchoraji wa Kisovieti, Konstantin Maksimov. Wu aliwafundisha wanafunzi kuhusu mistari, ujazo na mpangilio wa rangi. Wenzake wakauita ufundishaji huo umaumbo wa kibwanyenye. Nyuso za wakulima na wafanyakazi alizochora ziliambiwa kwamba zinawatia ubaya watu wa tabaka hilo. Mwaka 1953 aliondoka, akaenda kufundisha uchoraji katika idara ya usanifu majengo ya Chuo Kikuu cha Tsinghua. Huko ndiko alikogeukia mandhari kwa dhati. Yaani aina ya sanaa ambayo leo inaonekana kuwa ndiyo iliyoibeba roho yake aliifikia kwa kukimbia. Mlima haulalamiki kwamba umechorwa vibaya, na mti wa mfudhaji hauna tabaka. Kimbilio likageuka kuwa makao.

Moto wa kwanza

Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, kuwa na picha ya mwanamke aliye uchi nyumbani kulitosha kumwangamiza mtu na jamaa zake. Wu aliziharibu kazi zake za wakati wa Paris kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya wengine kuja kuzitafuta. Mwalimu wake, Lin Fengmian, alizilowesha picha zake majini hadi zikawa rojo, akazitupa. Bado alifungwa gerezani kwa zaidi ya miaka minne. Kwa mtu wa fasihi, ambaye amezoea habari za miswada iliyochomwa na waandishi waliotiwa kizuizini, tukio hili halihitaji maelezo marefu. Lakini linatofautiana na udhibiti wa kawaida kwa jambo moja: hapa dola haikuhitaji kuja na kiberiti. Msanii mwenyewe alifanywa kuwa mdhibiti, mshtakiwa na mtekelezaji wa hukumu.

Mwaka 1970 Wu alipelekwa katika kijiji kimoja mkoani Hebei kufanya kazi za shamba. Mkewe alikuwa kwingine na wana wao kwingine. Kwa muda alikatazwa kabisa kuchora. Baadaye aliruhusiwa kuchora siku za Jumapili pekee. Hakuwa na turubai; akanunua mbao nyepesi nyeusi za kuandikia zilizouzwa katika duka la kijiji, akazipaka gundi ili zishike rangi. Hakuwa na kiegemeo. Akatumia tenga la kubebea samadi, lenye mpini mrefu ulioweza kuushikilia ubao. Wachoraji wengine waliokuwa uhamishoni pamoja naye walimwiga, na kwa utani wakajiita kundi la tenga la samadi.

Picha za wakati huo ni ndogo. Zinaonyesha mtama, mahindi, maboga yaliyotambaa ukutani, maua ya shambani. Hakuna kilele kinachopotelea mawinguni, wala hakuna mwanachuoni anayetafakari kando ya maporomoko, kama ilivyo katika shanshui ya kale. Hata hivyo, ni papa hapa ambapo jambo jipya lilizaliwa. Wu alikuwa na siku moja tu kwa juma, na mandhari ya kijiji tambarare haikumpa mahali pamoja palipotosha. Basi alichagua mti mahali hapa, akabeba tenga lake na kwenda kuchagua ukuta mahali pale, na kilima mahali pengine, akaviunganisha vyote katika ubao mmoja kabla jua halijatua. Kanuni ya Ulaya ya mtazamo wa jicho moja lililotulia ilivunjwa. Lakini aliyeivunja hakuwa mfuasi wa wachoraji wa kisasa wa Paris peke yao. Guo Xi naye alitembea. Mila ambayo Wu hakuwa nayo mkononi, kwa kuwa mkono ulishika mafuta, ilikuwa imebaki miguuni mwake.

Jambo hili ndilo kiini cha hoja ya makala haya. Tukisema kwamba mila ya mandhari ya Kichina ni wino, basi Wu wa miaka hiyo alikuwa nje ya mila. Tukisema kwamba mila hiyo ni namna ya kuwa ndani ya mahali, kukizunguka kitu badala ya kukikodolea macho, basi alikuwa mrithi halali kuliko wengi walioshika brashi laini na kunakili mawe na misonobari ya mabwana wa kale.

Mkasi na tiara

Mwaka 1973 Wu aliitwa Beijing kushiriki katika kazi ya picha kubwa ya Mto Yangzi iliyokusudiwa kwa Hoteli ya Beijing. Yeye na wenzake walisafiri mtoni wakikusanya michoro, lakini kampeni ya mwaka 1974 dhidi ya 'picha nyeusi' iliufuta mradi huo. Mwaka huo huo alianza kuchora kwa wino pia. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiufundi. Brashi ya mafuta hubeba rangi nzito na huishiwa haraka. Haiwezi kuvuta mstari mwembamba usiokatika, kama ule wa tawi la mfudhaji linaloinamia maji. Wino uliweza. Kwa upande mwingine, wino haukuweza kuubeba uzito wa udongo wala rangi za kijivu zilizo nyingi za anga ya kusini. Tangu wakati huo alivitumia vyote viwili, akavifananisha na makali mawili ya mkasi mmoja unaokata vazi jipya. Kisichoshikwa na kali moja hushikwa na la pili.

Baada ya Mapinduzi ya Utamaduni kumalizika, Wu alichapisha mwaka 1979 makala kuhusu uzuri wa umbo katika uchoraji, katika jarida la sanaa la Beijing. Kwa msomaji wa leo hoja yake yaweza kuonekana ya kawaida: umbo si nguo inayovishwa maudhui, bali ndilo linaloyafanya maudhui kuwa sanaa. Lakini katika nchi ambako neno 'umaumbo' lilikuwa limewapoteza watu kazi na uhuru, kulitetea umbo hadharani kulikuwa tendo la ujasiri. Mgogoro wa fani na maudhui, ambao katika madarasa ya fasihi hufundishwa kama jozi ya istilahi, kule uliamua nani ataishi na wanawe na nani atabeba samadi.

Hata hivyo Wu hakufika mahali ambapo Zao na Chu walifika. Katika makala nyingine ya miaka ya mwanzo ya 1980 alitumia picha ya tiara. Kazi ya sanaa, alieleza, na irushwe juu. Na isiwe mateka wa sura ya vitu. Lakini uzi usikatike. Uzi huo unaifunga kazi na kitu halisi kilichomgusa mchoraji, na pia unaifunga na hisia za watu wa kawaida ambao kitu hicho ni chao. Ukikatika, tiara huenda mbali kweli, ila hakuna anayeirusha tena. Alitaka wataalamu wazipende kazi zake, lakini pia mtu wa kijijini aitikie kwa kichwa anapoziona.

Mfano bora wa tiara hiyo ni picha zake za miji ya maji ya Jiangnan. Katika picha kubwa ya mafuta ya mji wa Zhouzhuang aliyoichora mwaka 1997, kuta ni mabamba meupe na ya kijivu, mapaa ni mistari myeusi, milango na madirisha ni vidoa. Ukisogea karibu, nyumba zinatoweka na kinachobaki ni mpangilio wa pembe na rangi. Ukirudi nyuma hatua tatu, mtu anaweza kukuelekeza daraja la kuvukia. Weupe wa kuta hizo ndilo jibu lake kwa lile swali la kimya katika mafuta. Hakuuacha turubai wazi. Aliupaka weupe kwa unene, tabaka juu ya tabaka, hadi ukawa na uzito wa ukuta na wakati huohuo ukapumua kama karatasi. Picha hiyo iliuzwa mnadani Hong Kong mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 230 za Hong Kong. Bei hiyo yasema mengi kuhusu soko, na machache kuhusu mtu aliyewahi kuchora juu ya ubao wa duka la kijiji.

Sifuri

Mwaka 1992, mwaka ambao Makumbusho ya Uingereza mjini London yalifanya maonyesho ya kazi za Wu, yeye mwenyewe alichapisha mjini Hong Kong makala fupi iliyozua zogo kubwa. Alidai kwamba brashi na wino ni sawa na sifuri. Waliosoma kichwa cha makala pekee walidhani kwamba anaitukana mila nzima. Alichokisema kilikuwa na masharti: ustadi wa brashi na wino, ukitengwa na picha mahususi unayoitumikia, hauna thamani yake peke yake, kama vile udongo wa mfinyanzi usivyokuwa na thamani ya chungu.

Mwaka 1998 Zhang Ding alimjibu, akihimiza kwamba uchoraji wa Kichina una mpaka wa mwisho usiopaswa kuvukwa, na kwamba mpaka huo ni brashi na wino. Zhang hakuwa mhafidhina asiyejua dunia. Ndiye aliyebuni mwaka 1979 picha maarufu ya ukutani katika uwanja wa ndege wa Beijing, na aliongoza chuo cha sanaa za ufundi ambamo Wu alifundisha. Hoja yake ilikuwa na uzito: mistari ya brashi si chombo kitupu, imebeba karne za hukumu na ladha, na anayeiita sifuri hatakuwa na kipimo cha kutofautisha mstari mzuri na mbaya. Wazee hao wawili walifariki mwaka mmoja, 2010, bila mmoja kumshinda mwenzake.

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hawezi kuufuatilia mjadala huu bila kusikia mwangwi wa nyumbani. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, vina na mizani viliwekewa mpaka. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, mpaka huo ulivukwa, na wanamapokeo wakauliza kama kilichobaki kingali shairi. Pale pia wapo waliosema kwamba kipimo cha nje si kitu bila dhamira, na waliosema kwamba asiye na kipimo hana sanaa. Mfano wa Wu na Zhang waonyesha kwamba pande hizi mbili hazijibu swali moja. Mmoja huuliza kazi hii imezaliwa na nini. Mwingine huuliza itapimwa kwa nini. Jamii inayoishi huhitaji maswali yote mawili, na hudhurika pale moja linapogeuzwa kuwa rungu la kulinyamazisha lingine.

Mandhari iliyozama

Waliomfuata Wu walirithi ala ambayo haikuhitaji tena kujitetea, lakini wakarithi nchi ambayo mandhari yake yenyewe ilikuwa ikibadilika chini ya macho yao. Hong Ling, aliyezaliwa mwaka 1955, alijenga makao ya kazi chini ya Mlima Huangshan katika miaka ya 1990, akaupaka mlima huo kwa mafuta mazito, theluji juu ya theluji, hadi turubai ikakaribia kuwa jabali. Kwake mlima wa wachoraji wa kale bado upo, na mafuta yanaweza kuukaribia kwa ngozi kuliko wino. Shang Yang, aliyezaliwa mwaka 1942, hana utulivu huo. Katika mfululizo alioupa jina la Dong Qichang, mchoraji na mwananadharia wa enzi ya Ming, mlima wa kale unatokea ukiwa umefifia, umechorwachorwa na kukwaruzwa kama ramani ya mhandisi. Anamtaja bwana wa kale si kwa kumwiga bali kwa kuonyesha kilichoipata milima yake.

Na mto ule ambao Wu na wenzake walisafiri kuuchora ulifungwa. Maji ya bwawa la Mabonde Matatu yalianza kujaa mwaka 2003, na zaidi ya watu milioni moja walihamishwa. Mwaka huo huo Liu Xiaodong, aliyezaliwa mwaka 1963, alianza kuwachora kwa mafuta wahamishwa na vibarua wa eneo hilo. Mwaka 2005 alikwenda Fengjie, akaiweka turubai yake juu ya paa, akachora wafanyakazi wakicheza karata juu ya godoro huku mto ukionekana nyuma yao. Huyu huhesabiwa kuwa mchoraji wa watu, si wa mandhari. Lakini pengine ndiye aliyeifikisha mandhari ya mafuta mwisho wa safari yake: 'maji' ya 'mlima-maji' yamepanda, na aliyekuwa kidoa kidogo chini ya kilele, yule msafiri wa picha za Song, amesogea mbele na kujaza turubai. Kwa hakika uzi wa tiara haujakatika hapa. Umevutwa chini hadi mkono ulioushika ukaonekana.

Moto wa pili

Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 72, Wu alizipitia kazi zilizokuwa nyumbani kwake, akazitenga zaidi ya 200 ambazo hazikumridhisha, akaziteketeza. Wakati huo picha zake zilikwisha kuwa na bei kubwa, na waliosikia walisema kwamba anachoma majumba. Baadaye alitoa kazi zake nyingi kwa makumbusho ya umma. Mwaka 2008 makumbusho ya Singapuri yalipokea 113 kwa mara moja.

Mkono ulioangamiza picha mwaka 1966 ndio ulioangamiza picha mwaka 1991, na anayetazama majivu pekee hawezi kutofautisha matendo hayo mawili. Katika la kwanza msanii alikuwa mtumwa, ingawa ala yake ilikuwa ileile. Katika la pili alikuwa huru, na ala yake ilikuwa ileile pia. Utumwa, basi, haukuwa katika mafuta wala uhuru katika wino. Ulikuwa katika swali la nani mwenye haki ya kuamua ni kazi ipi iishi. Methali ya wahenga haikukosea iliposema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wanaoitumia ndio hukosea wanapoitafuta mila katika kilichoshikwa mkononi, wakasahau kumtazama aliyekishika, amesimama wapi, ametembea kiasi gani kufika hapo, na uzi wake umefungwa kwa nani.